Kulala au Kukesha

"Mnakwenda kulala au kukesha?" Konda wa gari ya shamba alituuliza hivyo pale Darajani, mguu mmoja ndani ya gari, mmoja nje. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti 1999, siku ya pili ya ndoa yetu. Begi nilikuwa nimelishika mimi, kwa hiyo nikajibu mimi: "Kulala." Akatuelekeza kwenye 309, ya Jambiani. Ningesema kukesha angetupeleka kwenye 116, ya Nungwi. Mke wangu hakusema neno, nikadhani ni haya za bibi harusi.

Siku zile mtu wa Dar es Salaam akisema anakwenda pwani kupumzika watu walimcheka. Pwani si tunayo? Kila Jumapili Coco Beach ilijaa, mihogo ya kukaanga na pilipili, magari yamefunguliwa milango na kila moja na muziki wake. Mimi nilitaka bahari isiyo na muziki. Mwenzangu mmoja kazini, aliyewahi kukaa Unguja, alinichorea kisiwa nyuma ya bahasha. Juu kabisa akaweka nukta, Nungwi, akaandika "vijana". Upande wa jua kutoka, chini, akaweka nukta nyingine, Jambiani, akaandika "kimya". Bahasha yenyewe ilipotea zamani, ila mchoro ule nilitembea nao kichwani zaidi ya miaka 20, na ulinidanganya karibu kila mara.

Gari ilikuwa ya mabao ubavuni, abiria tumekaa tukitazamana, magunia ya unga miguuni. Pale Jozani dereva alipunguza mwendo kwa ajili ya kima punju. Tulipofika Paje wakashuka kina mama wawili na ndoo zao, gari ikapinda kulia, na barabara ikaanza kuturusha. Paje haikunikaa akilini hata kidogo. Kwangu ilikuwa kona tu.

Tulifikia kwa bibi mmoja mwenye vyumba vitatu vya kupangisha, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, usiku kandili. Mwezi ulikuwa mpevu, mkubwa kama sinia. Asubuhi tukalala mpaka saa nne kama maharusi, kisha tukatoka na taulo zetu mabegani. Bahari haipo. Mchanga, majani, vidimbwi, tena mchanga, na mbali sana mstari mweupe pale mawimbi yanapopasukia kwenye mwamba.

"Shikamoo bibi. Maji yamekwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Bamvua hilo. Saa kumi yatarudi, hayajahama."

Mtu wa Dar nilikuwa naijua bahari ya kutazama tu, ile ya hesabu siijui. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya Unguja hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya mita 4 hivi kati ya juu na chini, na kupwa kwenyewe huangukia saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Yaani saa ile ile mgeni anapomaliza chai na kutaka kuogelea. Wiki moja baadaye ni maji mafu: hayaendi mbali, na saa nne hiyo hiyo yako juu yanakungoja. Upande wa mashariki, ambako ufuko ni tambarare mpaka kwenye mwamba, tofauti hiyo ndiyo likizo yenyewe. Nungwi na Kendwa pwani inashuka haraka, unaogelea saa yoyote, na nusu ya sifa zao imetoka hapo kabla hata muziki haujawashwa. Jambo hili mtu angeweza kuniambia kabla sijafunga begi. Bahasha ilisema "kimya" tu.

Nikaamua kutembea kuifuata bahari. Mke wangu akabaki kivulini. Nilikwenda nikitazama mbele, nimeshika viatu mkononi, nikifurahia upweke wangu, mpaka nikasikia sauti:

"Kaka! We kaka! Unakanyaga shamba!"

Nikatazama chini. Vigingi vya mti vimesimama safu kwa safu, kati yake kamba, na kwenye kamba mafungu ya mwani yaliyofungwa moja moja kwa uzi. Mwanamke wa makamo, maji magotini, kanga kaifunga kiunoni, alikuwa akinitazama kama mtu aliyeingiliwa jikoni kwake. Kilimo hiki cha mwani wa kuuza kilianza pwani ile mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Nikaomba radhi, nikarudi nyuma kwa hatua za bata. Ndipo nikagundua kwamba upande ule wote wa bahari niliouona mtupu ulikuwa na watu wameinama. Hakukuwa na upweke wowote. Ilikuwa saa ya kazi, na mimi peke yangu ndiye sikuwa na kazi.

Wala kimya hakikuwapo, ukisikiliza vizuri. Nje ya nyumba ya bibi wanawake walikuwa wanapiga makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mchanga wa pwani, yakazungushiwa mawe maji yasiyachukue, yakaoza humo miezi. Kisha hufukuliwa na kupigwa kwa gongo mpaka zibaki nyuzi za kusokota kamba. Harufu yake ukishaisikia huisahau. Pu, pu, pu, tangu baada ya alfajiri, na juu yake mazungumzo na vicheko. Punda. Majogoo. Watoto wa chuoni wakisoma kwa sauti moja. Usiku ndio ulikuwa mtulivu, na usiku wa tatu, kandili ikiwaka, mke wangu akauliza huku akitazama dari: "Na yule konda alisema gari ya Nungwi namba ngapi?"

Kutoka Jambiani kwenda Nungwi lazima urudi mjini, Darajani, ubadilishe gari. Tulipoteza siku nzima. Tulipofika jioni kulikuwa na muziki wa rege, moto umewashwa mchangani, wazungu vijana wenye mabegi ya mgongoni, na papasi, wale vijana wanaowinda watalii, waliotupita bila kutusemesha kwa sababu tulifanana nao. Mke wangu alicheza pekupeku mpaka saa saba za usiku. Mimi nilikaa kwenye gogo. Ndivyo ilivyogawanyika fungate yetu, siku tatu zangu, siku nne zake, na tangu hapo kila tukitaja Unguja mmoja husema "kwangu" na mwingine "kwangu".

*

Tulirudi kama familia Krismasi ya 2009, binti yetu ana miaka 8, mdogo wake 5. Nilishinda mimi, kwa hoja ya watoto: mahali patulivu, wacheze. Vyumba tulikuwa tumeviagiza tangu Novemba. Tarehe 10 Desemba umeme unaokuja Unguja kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari ukakatika, na haukurudi mpaka Machi mwaka uliofuata. Tulisikia redioni, tukasema twende tu, sisi kwa bibi tuliwahi kukaa na kandili.

Lakini miaka 10 ilikuwa imepita. Bibi alikuwa ameongeza vyumba, na jirani kulia na jirani kushoto walikuwa na nyumba za wageni, na kila nyumba sasa ina jenereta. Zinaanza magharibi. Moja ina sauti nzito, ya pili nyembamba kama mashine ya kusaga, ya tatu inakohoa, inazimika, na unapoanza tu kusinzia inawashwa tena. Moshi wa dizeli ukaingia dirishani. Siku ya pili nikaenda kumlalamikia bibi, kwa adabu zote, kwamba nimetoka Dar kukimbia jenereta.

"Mwanangu," akasema, "na yule nguru uliyekula jana, wadhani alilala wapi?"

Sikuwa na jibu. Samaki wangu, maji ya kuoga yaliyopandishwa kwa pampu, soda baridi za watoto, vyote vilikuwa ndani ya mngurumo ule. Kimya nilichokuja kukinunua kilikuwa na mashine nyuma yake. Bibi mwenyewe alilala chumba cha uani, karibu kabisa na jenereta, ili wageni wakae mbele upande wa upepo. Nililigundua siku ya kuondoka.

Watoto, kwa taarifa, hawakusikia kitu. Walishinda kwenye vidimbwi wakiokota kaa.

*

Julai 2020 ilikuwa zamu ya mke wangu. Ndege za kimataifa zilizosimamishwa kwa korona zilikuwa zimeruhusiwa tena Mei, lakini wageni walikuwa bado hawajaanza kurudi, na bei za wenyeji zilikuwa chini kuliko tulivyowahi kuziona. Tukaenda Nungwi. Alinunua gauni jipya.

Hoteli ya vyumba vingi, wageni sita. Ufukweni viti vimepangwa kwa safu, mito hakuna. Papasi mmoja, kijana wa miaka 25 hivi, alikuwa amekaa juu ya boti yake iliyopinduliwa. Alitutazama muda mrefu akipima kama tunafaa. "Mama, Baba, shikamooni. Hata kwenda kuona kasa tu hamtaki?" Tulikwenda kuona kasa. Tukaenda kesho yake pia.

Ndipo nilipoisikia Nungwi kwa mara ya kwanza. Karibu na mnara wa taa, upande ambao siku nyingine unafunikwa na spika, mafundi walikuwa wanakalafati jahazi. Fundi huchukua pamba iliyosokotwa, huisukuma kwenye mwanya kati ya mbao mbili, huipigilia kwa patasi butu na nyundo ya mti, mapigo mawili mafupi na moja zito, kisha husogea upana wa kidole. Baadaye chini hupakwa deheni, mafuta na chokaa, maji yasiingie. Kazi hii ilikuwapo Nungwi kabla ya hoteli zote. Mwaka 1999 nililala hatua chache kutoka hapo na sikuijua. Nilikaa kwenye mchanga nikiwasikiliza asubuhi nzima, nikiwa na raha isiyosemeka, nikisema moyoni kwamba hatimaye mahali pale pamekuwa pangu.

Mke wangu alikuja akakaa kando. "Wewe umefurahi," akasema. "Mimi nimekuja kusikia watu." Jioni gauni lilivaliwa, tukala wawili kwenye ukumbi wa meza 40, na mhudumu alitusimulia, bila kuulizwa, ni wenzake wangapi waliorudishwa makwao bila mshahara. Kimya cha namna ile sijakitamani tena.

*

Safari ya mwisho, Desemba 2023, hatukuchagua sisi. Binti alishaanza kazi, akatangaza kwamba anatugharamia, na kwamba tunakwenda Paje.

"Paje kuna nini?" nikauliza.

"Baba, Paje ndiko kuna watu."

Ile kona! Mwaka huo Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki sita, na nadhani robo yao nilikutana nao pale njia panda. Upepo wa bahari, kaskazi Desemba mpaka Machi na kusi katikati ya mwaka, umeifanya Paje kuwa mji wa watu wanaovutwa juu ya maji na tiara kubwa za kitambaa. Jioni zinashuka tiara, zinapanda spika. Mwani bado upo, lakini maji ya karibu yamekuwa ya moto, aina ile yenye bei nzuri haistahimili tena, na wanawake wanaotaka kuilima hulazimika kufuata kilindi. Wengine hawajui kuogelea.

Tulikubaliana hivi: binti na rafiki zake Paje, sisi wazee tukae mwanzo wa Jambiani, kilomita chache tu kusini, barabara sasa lami tupu. Bibi alishafariki. Mjukuu wake ndiye anayeendesha nyumba, na picha ya bibi ipo mapokezi, amekunja uso kama anayeulizwa habari za jenereta. Makumbi sikusikia yakipigwa.

Mwezi ulikuwa mpevu siku moja baada ya Krismasi. Saa tano za usiku maji yalikuwa yamekupwa mpaka kule mwambani, tochi mbili tatu zikitembea mbali, watu wanatafuta riziki. Nikafunga mlango, nikajilaza. Ndipo nikausikia. Mdundo tu, besi, dum, dum, unatoka Paje. Mjukuu wa bibi alikuwa ametuonya mchana kwamba kaskazi ikivuma huuleta muziki wote huku, na kusi huurudisha kwao, kwa hiyo wanaotaka kulala huja Julai.

"Unasikia?" nikamwambia mke wangu. "Hata huku. Kesho namwambia mjukuu atuhamishe nyuma."

Hakujibu. Alikuwa amenipa mgongo, nikajua amelala. Nikaendelea kulalamika peke yangu, kuhusu lami, kuhusu spika, kuhusu vijana wa siku hizi, mpaka nikaona shuka upande wa miguuni linatikisika. Ulikuwa mguu wake, unafuata besi ya Paje, haukosei hata pigo moja.