Mwenyeji wa Nyimbo

Yako makosa ambayo mtu huyafanya mbele ya watu, nao badala ya kumwonya humpigia makofi. Makosa ya namna hiyo ni magumu kuyajutia, kwa maana sifa huziba masikio. Sisi tunaoandika mistari hii ni mwalimu wa shule, nasi tulifanya kosa la namna hiyo katika jioni moja ya nyimbo. Twalisimulia leo, si kwa kupenda kujishtaki, bali kwa sababu huenda mwingine akajitambua humo.

Ilikuwa mwisho wa mwaka wa shule, wakati wa kiangazi, baridi ya usiku ilipokuwa imekwisha kuanza huku kwetu Katanga. Tulikuwa tumewaalika wazazi na wazee waje kusikiliza nyimbo za kienyeji. Kazi ya kuwakaribisha wageni ilikuwa yetu. Kazi ya kuwaita waimbaji jukwaani ilikuwa yetu. Tena sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa waimbaji, kwa maana twapiga gitari kidogo na kutunga nyimbo. Orodha ya waimbaji tuliiandika kwa mkono wetu. Wahenga walisema kwamba kila mwamba ngoma huivutia ngozi kwake, nasi tuliivuta kweli kweli.

Kati ya wageni alikuwamo mzee mmoja, mpiga likembe, aliyeletwa na mjukuu wake kwa baisikeli kutoka kijiji cha mbali. Mzee huyu alijua nyimbo za wafua shaba wa zamani, wale waliokuwa wakiyeyusha mawe ya kijani katika tanuru za udongo kabla ya makampuni kuja. Alikuwa amezipokea kwa babu yake. Alifika saa nane mchana, akaketi kwenye benchi, likembe lake akilifunika chini ya koti ili lisipate baridi. Tulimweka mwisho wa orodha, tukisema kwamba kitu kizuri huwekwa mwisho.

Wanafunzi waliimba. Kisha tukaimba sisi wimbo wetu wa kwanza na wa pili. Watu walishangilia, tukaongeza wa tatu, tukaongeza na wa nne. Tulipomaliza, mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha. Taa zilizimika, kipaza sauti kikanyamaza, akina mama wakawabeba watoto wao mgongoni na kwenda zao. Tulimkuta mzee bado ameketi palepale gizani. Alituambia kwa upole, "Mwalimu, si neno. Nitakuja mwaka ujao."

Kabla ya mvua za kwanza tulipata habari kwamba amefariki. Shuleni kwetu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeandika ubeti mmoja wa nyimbo zake.

Miezi mingi ikapita. Siku moja tulianza kusoma habari za mtu mmoja wa Marekani, mtungaji na mwimbaji, jina lake Pete Seeger. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1919, akafariki mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 94. Chombo chake kilikuwa banjo ya nyuzi tano yenye shingo ndefu. Na hapa yafaa kukumbuka kwamba banjo ni mjukuu wa vyombo vya Afrika: watu wetu waliopelekwa utumwani ng'ambo ya bahari waliubeba ujuzi wake vichwani mwao, wakakitengeneza upya huko kwa kibuyu, ngozi na nyuzi. Tulimsoma Seeger kwa kutaka kujua upigaji wake. Lakini yaliyotushika si vidole vyake. Yaliyotushika ni namna alivyokuwa mwenyeji.

Katika mji wa Newport, kwenye jimbo la Rhode Island, kuna sikukuu kubwa ya nyimbo za kienyeji, iliyoanzishwa mwaka 1959. Mwaka ule wa kwanza mwimbaji mmoja aliyeitwa Bob Gibson alimwita jukwaani, katika zamu yake mwenyewe, msichana wa miaka 18 ambaye hakuwamo katika orodha. Wakaimba pamoja nyimbo mbili. Msichana huyo alikuwa Joan Baez, na baada ya siku ile jina lake lilienea pote. Tuliposoma hayo tuliweka kitabu chini. Gibson alitoa sehemu ya zamu yake kwa mtu asiyejulikana, na sisi tulichukua zamu ya mzee tuliyemwalika wenyewe.

Baada ya mwaka 1960 sikukuu ile ilisimama, ikafufuliwa mwaka 1963 kwa utaratibu mpya. Seeger na mkewe Toshi walikuwa miongoni mwa walioupanga utaratibu huo pamoja na George Wein, mwanzilishi wa sikukuu, na mwimbaji Theodore Bikel. Walikata shauri kwamba hakuna mtu atakayejitajirisha kwa sikukuu ile. Kila mwimbaji angepewa dola 50, pamoja na nauli, chakula na malazi. Mwenye jina kubwa na asiye na jina wangepokea sawasawa. Fedha zitakazobaki zingesaidia kazi ya kutafuta na kutunza nyimbo za watu. Baraza la waimbaji wenyewe liliwekwa kuiongoza kazi hiyo, na Seeger alikuwa mmoja wao.

Matunda ya utaratibu huo yalionekana mwaka uleule. Alikuwako mzee mmoja mweusi, Mississippi John Hurt, aliyekuwa amerekodi nyimbo zake mwaka 1928, kisha akasahauliwa, akaendelea na kazi ya shamba katika kijiji cha Avalon. Mwaka 1963 wapenzi wa nyimbo walimtafuta wakamkuta, na mwezi wa Julai aliketi Newport na gitari lake mbele ya maelfu ya vijana. Baada ya hapo aliishi miaka mitatu tu. Laiti wangalisema, "Atakuja mwaka mwingine, au ule unaofuata," huenda wasingalimsikia.

Siku hizohizo waliimba pia Freedom Singers, vijana wanne weusi waliotoka katika mapambano ya haki huko Albany, jimbo la Georgia. Mwisho wa usiku walisimama wote pamoja, weusi na weupe, mikono wameshikana: vijana wale wanne, Seeger, Joan Baez, Bob Dylan, Bikel na wengine. Waliimba wimbo ambao wakati ule wapigania haki waliuimba katika makanisa na gerezani. Mwezi uliofuata, watu wapatao 250,000 waliandamana mjini Washington, na wimbo huo uliimbwa tena.

Na Seeger mwenyewe aliimba namna gani? Hakupenda kuimba peke yake. Alikuwa akitangulia kusema maneno ya mstari, kisha huinua kichwa nyuma, na mkutano mzima huimba mstari ule kabla hawajapata nafasi ya kuona haya. Aliwagawia sauti: hawa ya juu, hawa ya chini. Wasomaji wetu hawatastaajabu. Hiyo ndiyo njia ya wazee wetu tangu zamani: mmoja huanzisha, wengi huitikia, na wimbo usio na waitikiaji huhesabiwa kuwa haujaimbwa. Lakini sisi, tuliozaliwa ndani ya desturi hiyo, tulikuwa tumesimama jukwaani na kipaza sauti, tukiwataka wazee wetu wanyamaze na kutusikiliza.

Liko jambo jingine lililotugusa zaidi, kwa kuwa latuhusu sisi watu wa Katanga. Mwaka 1969 kwenye jukwaa la Newport alipanda Mwenda Jean-Bosco, mtoto wa nchi ya Bayeke, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine yake ya kunasa sauti, alikuwa amemrekodi katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Wimbo wake "Masanga" ulisikika mpaka Nairobi na nchi nyingi nyingine, na vijana wengi walijifunza upigaji wake wa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada. Ndipo akasafiri mpaka Marekani, na Kiswahili cha Katanga kikapata mwaliko huko. Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari. Wageni walimpa kiti kwao. Je, sisi tumewapa viti wangapi walio jirani zetu?

Lakini tusimfanye Seeger kuwa mtu asiye na dosari, kwa maana atakuwa hatufai tena kwa mafundisho. Mwaka 1965, Bob Dylan alipopanda jukwaani Newport na magitari ya umeme, Seeger alikasirika sana. Baadaye alieleza kwamba kilichomuudhi ni mlio uliovurugika hata maneno yasisikike. Wengi wamebishana juu ya usiku ule. Sisi twaona tu kwamba hata mwenyeji mwema huweza kuchoka na mgeni anayekuja na namna mpya.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mwaka 1939 Mzulu mmoja, Solomon Linda, alirekodi mjini Johannesburg wimbo wake "Mbube", maana yake simba. Santuri yake ilimfikia Seeger, naye na wenzake wakauimba kwa jina la "Wimoweh", kwa kuwa hakuyasikia vema maneno ya Kizulu. Wimbo ulienda mbele, ukabadilishwa tena na wengine mwaka 1961, ukaleta fedha nyingi sana. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Seeger alimpelekea fedha, akataka na mapato ya wimbo yamfikie, lakini yaliyofika yalikuwa machache kuliko haki yake, na Seeger mwenyewe alijuta baadaye kwamba hakulifuata jambo lile mpaka mwisho. Binti zake Linda walingoja mpaka mwaka 2006 ndipo wakapata mapatano na wenye kampuni. Basi kuupenda wimbo wa mtu hakutoshi. Yapasa kumjua mwenyewe, kulitamka jina lake, na kuhakikisha kwamba mkono wake umepokea.

Mke wake, Toshi, ndiye aliyetufundisha mwisho. Tangu mwaka 1978 sikukuu nyingine ya nyimbo ilikuwa ikifanyika kando ya mto Hudson, kwa ajili ya kuusafisha mto ule uliokuwa umechafuliwa mno. Watu walimtaja Pete, lakini aliyeipanga sikukuu alikuwa Toshi: nani aimbe, nani ale, nani alale wapi. Wao wawili waliishi katika ndoa karibu miaka 70, mpaka Toshi alipofariki mwaka 2013. Katika kila jioni ya nyimbo yuko mtu asiyeimba, anayehesabu mafuta ya taa na kuangalia kama mzee aliyetoka mbali amekwisha kupewa chakula. Kama mtu huyo hayuko, nyimbo zote ni majivuno. Jioni yetu ile, mtu huyo hakuwako.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Zamani tulidhani maana yake ni kwamba mgeni akija nyumba hupata chakula kizuri. Sasa twaona kwamba yako maradhi ya mwenyeji ambayo mgeni peke yake aweza kuyaponya, nayo ni kujipenda.

Mwaka uliofuata tuliandaa tena jioni ya nyimbo. Tuliwaweka wazee mwanzoni, jua likiwa bado juu. Kila mmoja alipewa nauli yake na bahasha yake, na zote zilikuwa sawa. Wanafunzi wawili waliandika maneno, mmoja alinasa sauti kwa simu, na juu ya kila wimbo waliandika jina la mwenyewe na la kijiji chake. Sisi tuliketi chini pamoja na watoto, tukaitikia.

Tulimwalika pia mjukuu wa yule mzee. Alikuja kwa baisikeli ileile, na likembe lile lile. Alipiga wimbo mmoja wa wafua shaba mzima, wanafunzi wakashika kiitikio upesi, wakakiimba mpaka vumbi likainuka. Kisha akaanza wimbo wa pili. Alipofika katikati alisimama, akalitazama likembe, akatuambia kwamba hapo ndipo alipokuwa amefika katika kujifunza kwa babu yake.

Ndugu msomaji, kama una arusi, au kwaya, au sikukuu ya kijiji, nawe ndiwe mwenye kuishika orodha, tazama ni nani aliyeketi kwenye benchi tangu saa nane. Mwite kwanza. Wanafunzi wetu wameuandika wimbo ule wa pili katika daftari la shule. Wameandika ubeti wa kwanza na nusu ya ubeti wa pili. Chini yake tuliwaambia waache nafasi.