Mgeni wa Kichuguuni: Ndege na Maisha ya Arua na Koboko

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, ng'ambo ya Mto Naili, iko nchi ya miinuko na nyasi iitwayo West Nile. Mji wake mkuu ni Arua, uliojengwa kwenye kimo cha mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na ambao mwezi Julai 2020 ulipandishwa hadhi kuwa jiji. Kutoka hapo barabara huelekea kaskazini, ikipita katika nchi ya Walugbara hadi Koboko, kwa Wakakwa, karibu na mahali ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana. Askari na polisi wengi wamepata kutumikia katika vituo vya mipaka hiyo, na baadhi yao wamelelea watoto wao huko.

Siku ya kijiji huanza kwa ufagio. Kabla jua halijapanda, mama huwa amekwisha kufagia uwanja ulio kati ya nyumba za nyasi na ghala la nafaka, na tetere huwa wamekwisha kutua kuokota punje zilizomwagika. Shore huimba katika mwembe. Mtoto huteka maji, na jioni husongwa enyasa, ugali wa Walugbara wa unga wa muhogo uliochanganywa na ulezi au mtama, unaoliwa kwa mboga iliyoungwa ufuta au karanga.

Kuanzia Desemba mvua hukatika, nyasi hukauka, na watu huchoma mbuga. Hapo ndege hukusanyika kana kwamba wameitwa karamuni. Mwewe huzunguka juu ya moshi, keremkerem hudaka panzi wanaokimbia miale, na korongo hutembea nyuma ya moto wakiokota walioungua. Majivu yakipoa, juu ya kichuguu husimama ndege mdogo, wima kama askari wa zamu, mwenye kifua cha rangi ya mchanga na weupe juu ya mkia unaoonekana anaporuka. Huteremka mbio, akamdaka mdudu, kisha akarudi lindoni. Wapitao njiani ni nadra kumtazama mara mbili.

Lau wangejua alikotoka, bila shaka wangesimama. Ndege wa aina hii huzaliwa katika nchi za kaskazini za Ulaya, Asia na Amerika, na baadhi yao hutoka hata kaskazini ya Alaska, ambako wakati wa kiangazi jua halizami na wenyeji wa Kiinupiaq huwaona wakilea makinda kati ya mawe. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza matokeo ya kuwafungia ndege hao vyombo vidogo vya kupimia mwanga. Wale wa Alaska walikuwa wamevuka Siberia na jangwa la Uarabuni, wakaja kukaa Sudan, Uganda na Kenya. Safari ya kuja ilikuwa ya kilomita 14,500 hivi, iliyochukua miezi mitatu. Ya kurudi ilikuwa chini ya miezi miwili. Na msafiri huyo ana uzito wa gramu 25 tu, sawa na betri ndogo ya tochi!

Mvua za kwanza zinaporejea, mgeni huwa amekwisha kuondoka, na kichuguu huwapa chakula wengine. Kumbikumbi hutoka kwa maelfu. Usiku watu huwasha moto wa nyasi karibu na shimo, wakawakusanya, wakawakaanga au kuwakausha na kuwatwanga. Alfajiri mbayuwayu na mwewe hugombania waliosalia. Hivyo binadamu na ndege hula katika sahani moja.

Si kila ndege, hata hivyo, ni rafiki wa mkulima. Mtama na ulezi vinapokomaa, makundi ya kwera huvamia mashamba, na watoto hukesha wakipiga madebe na kurusha kombeo. Lakini mtoto anayelinda shamba hana budi kufundishwa kutofautisha mla nafaka na mla wadudu, kwani kumuua wa pili ni kumfukuza mlinzi asiyedai mshahara.

West Nile inajua maana ya kupoteza. Mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani, alipiga kambi kando ya Naili ili kuwinda vifaru weupe. Mahali hapo hadi leo huitwa Rhino Camp, yaani Kambi ya Kifaru. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kifaru wa mwisho wa asili alikuwa ametoweka Uganda. Jina lilibaki, mwenye jina akatoweka.

Leo kinachopungua ni miti. Kuni hukausha tumbaku na kuchoma matofali, na makaa hupelekwa mijini. Tangu mwaka 2016 wakimbizi wa Sudan Kusini zaidi ya laki mbili wamepokewa Bidi Bidi, wilayani Yumbe, jirani ya Koboko. Hakuna anayeweza kuwalaumu, kwa maana chungu hakichemki kwa maneno. Tena wenyeji wenyewe, baada ya vita vya mwaka 1979 na machafuko yaliyofuata, walikimbilia Sudan na Zaire, wakahifadhiwa huko kwa miaka mingi. Aliyewahi kulala chini ya mti wa jirani anajua thamani yake.

Dawa yaanzia nyumbani. Jiko la udongo lililofungwa vizuri hula kuni chache kuliko mafiga matatu. Mti wa shea, ambao mbegu zake hutoa mafuta ya kupikia na ya kujipaka, haufai kugeuzwa makaa, kwani huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa. Na familia inayopanda miti mitano uani hupata kivuli, kuni za baadaye na sauti ya shore asubuhi.

Mgeni wa kichuguuni hahitaji pasi wala hajui mpaka. Anachohitaji ni kukuta, kila Oktoba, nchi ambayo bado ina wadudu, vichuguu na watu wanaomwacha apumzike. Mahitaji ya mtoto wa Koboko hayako mbali na hayo.