KEKO: USINUNUE TENDEGU KWA MACHO!

Jumatatu nilitia timu Keko, Dar es Salaam, pale mafundi fenicha walipojipanga mpaka barabarani. Dada yangu anaolewa, na kitanda nimebebeshwa mimi. Si mchezo! Mwaka jana nilimpelekea shangazi stuli ya kukerezwa. Miezi miwili tu, ikapasuka katikati. Hadi leo nikienda kwake nakaa mkekani.

Safari hii nikamfuata mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza.

"Shikamoo mzee. Mbao za mninga hizi hapa, nataka matendegu manne. Jumamosi nachukua."

"Marahaba. Mbichi hizi, mwanangu."

Nikabisha: mbona juu kavu? Akazigonga, zikalia pu, pu. Akagonga kipande cha zamani, kikalia ti! Kisha akanibandika ubao shavuni. Ubaridi wake kama chupa ya soda.

"Sikio na shavu hubahatisha," akasema. "Mizani haibahatishi."

Tukaenda kwa muuza dagaa wa jirani. Kipande kimoja: kilo 4 na robo. Mzee akaandika kwa penseli palepale kwenye ubao, akauweka kivulini penye upepo. Uzito ukiendelea kushuka, maji bado yanatoka. Ukigoma kushuka wiki baada ya wiki, hapo weka mashineni.

Kwa nini presha yote hiyo? Mti ukikauka hunywea, tena kufuata duara la pete zake hunywea karibu mara mbili ya kuelekea kiini. Ndiyo maana bakuli la duara hugeuka yai, na tendegu la mbao mbichi hulegea tunduni. Ncha nazo hukauka haraka kuliko katikati, zikapasuka. Ndiyo sababu mafundi huzipaka rangi au nta.

Jumamosi nikarudi mbio. Mizani: kilo 4 kamili. Nikaishiwa pozi. Harusi wiki mbili!

Mzee akanitolea fremu ya mlango wa nyumba iliyobomolewa, imejaa matundu ya misumari. Tukaipima, tukarudia baada ya siku nne: haikupungua hata kidogo. Haina sura, lakini kavu. Nikakubali, akaanza kukereza, maranda yakaruka makavu kama bisi.

Dada akiuliza matundu, nitamwambia ukweli. Samaki mkunje angali mbichi, washikaji. Lakini mbao subiri ikauke!