Mivinje ya Bamburi na Shimo la Majani

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Malindi, ukishapita Nyali, hukutana na msitu ambao wageni wengi hudhani umekuwepo tangu azali. Msitu huo ni mdogo wetu kwa umri. Hapo palikuwa na machimbo ya kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954. Mwamba wa matumbawe ulikatwa ukasagwa, likabaki shimo jeupe lililokaribiana na maji ya chumvi. Mwaka 1971, Mswisi mtaalamu wa kilimo, René Haller, akaanza kupanda. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizosimama ni tatu tu: mvinje, mnazi, na mti mmoja wenye asili ya Usomali.

Tuliwapeleka huko wanafunzi wetu wa madrasa wakati wa likizo, pamoja na akina mama waliojitolea kuwaangalia wadogo. Watoto walitaka kuwaona kobe na twiga. Tuliwaomba kwanza wainame.

Mvinje huishi mahali pa dhiki kwa kuwa mizizi yake ina vinundu, na ndani yake wamo vijidudu wanaochukua naitrojeni hewani na kuulisha mti. Lakini majani yake, membamba kama sindano, yalianguka yakakaa vile vile bila kuoza, kwa ukakasi uliomo ndani yake. Miti ikawa imesimama, na udongo haupo. Aliyefungua fundo hilo ni jongoo, yule yule ambaye watoto wetu humchokoa kwa kijiti mpaka ajikunje. Majongoo walikusanywa wakatiwa humo. Wakala majani, kinyesi chao kikawa mboji, na katika mboji mbegu nyingine zikaota.

Fadhila za kupanda mti tumezisikia mimbarini mara nyingi, kwamba anachokula humo ndege au mtu ni sadaka ya mpandaji. Habari za udongo ni nadra kuzisikia. Ndiyo maana shughuli nyingi za kupanda miti shuleni huishia kwenye picha: mche hutiwa katika mchanga mkavu, mgeni wa heshima hupigiwa makofi, na kaskazi ikipita mche umekuwa kijiti.

Tuliporudi, kila mwanafunzi alileta konzi ya udongo wa kwao. Tukautia katika chupa ya maji, tukaitikisa, tukaiacha itulie. Karibu chupa zote zilikuwa mchanga, na juu yake utando mwembamba tu. Chupa moja ilikuwa nyeusi: ya binti ambaye bibi yake hachomi majani, bali huyakumbiza chini ya mwembe.

Hapo mama mmoja akauliza, "Sheikh, majani yakirundikana si yataleta nyoka?"

Swali la haki, maana unadhifu wa ua ni heshima ya mwenye nyumba, wala hakuna aliyetaka kumnyang'anya mtu fagio. Tulikubaliana ua ufagiwe kama desturi, ila majani yasitiwe kiberiti. Yatiwe shimoni pamoja na maganda ya ndizi na ya muhogo, yafunikwe udongo kidogo, yanyunyizwe maji. Plastiki hapana.

Madrasa imekwisha kupanda miarobaini sita, miwili ikiwa kwenye mkondo wa maji ya udhu. Shimo limechimbwa kando ya ukuta, na wanafunzi wana zamu ya kulinyunyizia. Shida iliyopo sasa ni kuku wa jirani.