Kijana wa Nuu Ajifunza Kutupa Mshipi Mchangani

Kuvua samaki kwa mchezo ni jambo ambalo watu wengi wa nchi kavu hulicheka, wala hawalaumiki. Mtu hushinda mtoni kutwa akimtafuta samaki, na akiisha kumpata aghalabu humrudisha majini! Lakini mchezo huu una kazi ndani yake, na kazi ina mshahara.

Samaki atafutwaye zaidi na wageni katika nyanda za juu za Kenya ni trauti, naye si mwenyeji. Aliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, akatiwa katika mto Gura. Tangu hapo ameenea katika mito itokayo Aberdare na Mlima Kenya. Hutaka maji baridi yaendayo kasi, na kwa hiyo amtafutaye Ukambani kwenye joto atachoka bure.

Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja wa Nuu, upande wa mashariki wa Kitui, alikuwa akifyeka majani katika nyumba moja ya wageni karibu na Mlima Kenya. Akaambiwa kwamba anatakiwa mtu wa kuwaongoza wavuvi, na kwamba kazi itakuwa yake akiweza kutupa mshipi sawasawa mbele ya msimamizi atakaporudi kutoka likizo ya mwezi mmoja. Mshahara ulikaribia kuwa mara mbili ya ule wa kufyeka, na nyumbani dada yake mdogo alikuwa amekaa bila kwenda shule kwa kukosa karo. Akaazima ufito wa zamani pamoja na mshipi wake, akapanda basi kwenda kwao.

Je, huko maji yako wapi? Mto Enziu, ulio njiani kwenda Nuu, hufurika wakati wa mvua kubwa, lakini wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, na watu huchimba humo wapate maji ya kunywa. Basi akaenda kwenye mchanga, akafunga kishada cha sufu mahali pa ndoana ili asiwaumize watoto wala mbuzi, akaanza.

Yafaa kueleza ugumu wenyewe. Mvuvi wa kawaida hufunga risasi, na uzito wa risasi huuvuta mshipi. Lakini nzi wa bandia, aliyetengenezwa kwa manyoya na uzi, hana uzito wa kutosha; kitupwacho ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene. Mvuvi huurusha kwanza nyuma yake, akausimamisha ufito ghafula, akangoja mshipi ukunjuke wote hewani, ndipo ausukume mbele. Asipongoja, mshipi hulia kama kiboko na nzi hukatika.

Sasa kijana huyu utotoni alikuwa akifukuza ndege shambani kwa kombeo, na mkono uliozoea kombeo hupenda nguvu. Juma la kwanza mshipi ulilia tu. Watoto walikuja kusikiliza, na watu wazima wakasema kwamba mtoto wa watu amekwenda kutafuta kazi akarudi na wazimu.

Siku moja nyanya yake alikuja na punda kuteka maji, akasimama kumtazama.

“Mjukuu wangu, unaogopa nini huko nyuma?”

“Siogopi kitu, nyanya.”

“Mbona basi huiachi kamba yako ifike? Unaiita kabla haijaenda.”

Tangu siku hiyo akawa anageuza kichwa, akiutazama mshipi mpaka unyooke. Mchanga nao ukamsaidia kuliko maji, kwa maana maji huficha kosa mara moja, bali mchanga huliweka: mshipi ulioanguka kwa mikunjo uliacha alama ya mikunjo. Aliweka kibuyu kilichopasuka umbali wa hatua kumi na tano, na mwezi ulipokwisha alikuwa akikipiga mara saba katika kumi.

Siku ya kujaribiwa, msimamizi alimpeleka mahali penye miti tele nyuma yake. Mtupo wa kwanza ukashikwa na matawi. Akaagizwa atupe bila kuurusha mshipi nyuma: auburute polepole juu ya maji hata uning'inie kando ya bega, kisha ausukume mbele ujiviringishe kama gurudumu. Mtupo huo mchanga haufundishi, kwa kuwa ni maji yanayoushika mshipi na kuupa nguvu. Akajaribu mara tatu, akashindwa. Mara ya nne uliviringika, ingawa kwa upande.

Ndipo wakahamia mahali peupe. Hapo mshipi ulikwenda umenyooka, na nzi akashuka juu ya maji pasipo kishindo. Msimamizi akamwambia arudie, akarudia.

“Umejifunzia wapi?”

“Mtoni kwetu, bwana.”

“Kuna samaki gani huko?”

“Hakuna samaki, bwana. Hata maji hayakuwapo.”

Alipewa kazi kwa miezi mitatu ya majaribio, kwa sharti kwamba aujue ule mtupo wa kuviringisha kabla ya wageni wa Krismasi kufika. Fedha za karo zilifika Nuu mwisho wa mwezi wa kwanza, nao ufito wa kuazima akaurudisha kwa mwenyewe ukiwa bado una mchanga katika gurudumu la kukunjia mshipi.