Tulivyokwenda Kariakoo Kutafuta Kompyuta ya Michezo

Leo nawaomba mfuatane nami mpaka Dar es Salaam, katika mitaa ya Kariakoo, maana huenda nanyi nyumbani mna kijana mwenye haja kama ya mpwa wangu.

Kijana huyu amemaliza kidato cha nne. Kwa misimu miwili alilima karoti na njegere huko Mgeta, akaweka akiba shilingi 600,000. Haja yake ilikuwa kompyuta yenye nguvu ya kuchezea michezo ya mpira na mbio za magari. Mama yake, ambaye ni dada yangu, hakupendezwa. “Fedha ya jembe iishie mchezoni?” alisema. Mwisho alikubali kwa masharti mawili: fedha isizidi hiyo, nami nifuatane naye.

Basi tukapanda treni ya umeme Morogoro asubuhi. Tuliposhuka Dar es Salaam tulikwenda kwa miguu, tukapita Mnazi Mmoja, tukaingia Kariakoo. Jina hilo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita ya 1914 hadi 1918. Hata leo mizigo haijatuliwa: mikokoteni, wachukuzi, marobota kila upande. Ukisimama kushangaa, utasukumwa.

Katika duka la kwanza tulionyeshwa kompyuta yenye ubavu wa kioo na taa za rangi, bei shilingi 580,000. Macho ya mpwa wangu yaling’aa. “Mjomba, ndiyo hii!”

Nikamwambia, “Kwanza tuipime.”

Alikuwa na programu ya bure iitwayo GPU-Z katika flashi yake. Programu hiyo huisoma kadi ya picha yenyewe, wala haitazami karatasi iliyobandikwa juu. Kadi ya picha ndiyo inayochora mchezo kwenye kioo, nayo ndiyo roho ya kompyuta ya namna hii. Karatasi ilisema GTX 1050 Ti. Programu ikasema kadi ni bandia. Ndani yake mlikuwa na kadi ya zamani, dhaifu, iliyovikwa jina la nyingine. Muuzaji akacheka, “Mzee, programu hizo hudanganya.” Tukamshukuru tukatoka.

Kijana alikwenda kimya mtaa mzima. Kisha akasema, “Misimu miwili, mjomba. Ingekwisha palepale.”

Duka la pili halikuwa na taa za rangi. Lilikuwa na kompyuta za ofisini zilizokwisha tumika, zimepangwa kama matofali. Tukachagua Dell OptiPlex 7010 yenye prosesa ya Core i5-3470 ya mwaka 2012. Kulikuwa na ndogo ya bei nafuu, lakini angalieni hapa: kasha lile jembamba halipokei kadi ya picha ya kimo cha kawaida. Tukachukua kubwa kwa shilingi 280,000. Kadi halisi ya GTX 1050 Ti, iliyotumika, tuliipata kwa 190,000. Tuliichagua kwa sababu yahitaji kama wati 75 tu, nayo huzipata katika tundu lake, bila waya wa ziada wala kubadili pawasaplai. Tukaongeza kumbukumbu ya gigabaiti 4 ili zitimie 8, shilingi 20,000, na diski ya SSD, shilingi 60,000. Jumla 550,000. Kioo kitakuwa televisheni ya nyumbani.

Hatukulipa mpaka kila kitu kimewashwa, kimepimwa, na mchezo umekwenda saa nzima mbele ya macho yetu. Muuzaji hakukasirika, alituletea viti.

Jambo moja lazima mlijue. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiipokei rasmi prosesa ya zamani namna hii. Kwa hiyo tuliweka Linux, ambayo hailipiwi. Michezo mingi huchezeka humo, ingawa si yote.

Tulirudi jioni, kijana amepakata kompyuta yake kama mtoto mchanga. Zile 50,000 zilizobaki alimkabidhi mama yake mbele yangu. Dada alizihesabu, akatazama kasha lile jeusi lisilo na urembo, akauliza, “Hii ndiyo yenyewe?” Usiku ule alikaa mpaka saa nne akimtazama mwanawe akifunga mabao. Kisha akaizima mwenyewe, akasema, “Sasa tusali.”

Basi, wazazi, msimkemee tu kijana mwenye haja ya namna hii. Fuataneni naye. Nanyi vijana, msinunue taa. Nunueni kilichomo ndani, na kabla ya kutoa fedha, kipimeni.