Binti Zetu na Tamthilia za Vijana

Akina mama wenzetu, huku kwetu Nachingwea na Ruangwa mambo ya utu uzima binti hufundishwa na makungwi na somo wake wakati wa unyago. Mama mzazi huona haya kuyataja. Lakini siku hizi yuko mwalimu mwingine, nayo ni tamthilia ya vijana.

Tuchukue Shuga, iliyoanza kuonyeshwa na MTV mwaka 2009. Ilianza na maisha ya vijana wa Nairobi, na Lupita Nyong'o aliigiza humo kama Ayira. Mapenzi, tamaa ya fedha na Ukimwi vimeonyeshwa bila kufichwa.

Kukataza ni rahisi. Ila binti aliyekatazwa nyumbani huitazama kwa jirani au kwenye simu ya rafiki, akabaki na maswali yake. Sisi tumeona heri kuketi naye. Msichana wa kwenye hadithi akidanganywa, tunauliza, "Wewe ungefanyaje?" Hapo binti husema mengi, maana anayesemwa si yeye. Nasi haya hutupungua.

Kwa hiyo, mama, jioni binti anapotazama, vuta mkeka uketi kando yake.